Picha Iliyotazama Ukuta

Shangazi Mastula tulimzika Jumatano. Ijumaa, baada ya hitma, masufuria yakiwa bado hayajakauka uani, mjukuu wangu Shamimu akaja kuketi nami mkekani, simu mkononi. Shamimu anasoma nchi za baridi huko, na alisafiri siku mbili kuyawahi mazishi asiyawahi. Alilia alipofika, akala, akalala, na sasa alikuwa na jambo. "Jaja," akaniambia, "hii nilitaka kumwonyesha yeye. Basi tazama wewe." Nikatafuta miwani yangu, nikaipata kichwani mwangu mwenyewe, nikaishika simu. Kwenye kioo walikuwamo wale watu wangu wawili, wasafiri wa Kijapani, wanavuka mto. Yule mnene mwenye upara amekaa mabegani mwa mchukuzi ambaye magoti yanamtetemeka. Mwenzake mwembamba amekwisha kuangushwa, maji yamemfika kifuani, kofia inakwenda na mto, na yeye anainyoshea fimbo mdomo wazi. Wachukuzi wanacheka. Hata farasi aliye ng'ambo anacheka, meno yote nje, na mwanamke wa hoteli ya chai amejiziba mdomo kwa mkono wa nguo yake. Pembeni yanashuka maandishi yao, kama siafu waliopanga mstari.

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza. Akasema iko kwenye jumba la makumbusho, katika mji anaosoma, imetundikwa ukutani na taa yake yenyewe. Aliijua mara moja, maana amelelewa mapajani mwa Shangazi na hadithi ya picha hii ameisikia kabla ya kujua kusoma. Nikamwambia anyamaze kwanza. Moyo ulikuwa ukinienda mbio, na katika umri wangu moyo ukienda mbio mtu hukaa chini, nami nilikuwa nimekaa tayari, sikuwa na la kufanya zaidi. Kwa sababu Shangazi alikuwa na neno moja, alilisema mpaka wiki ya mwisho ya uhai wake: picha ikionekana, Rajabu naye ataonekana. Aliyeichukua picha anajua alikomwacha mwanangu. Na sasa picha ilikuwa imeonekana, na yeye ana siku mbili kaburini.

Mwaka ule serikali ya jeshi ilipoanguka nilikuwa na miaka kumi na sita, na kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kugeuza picha. Tulikaa Jinja, upande wa barabara ya kwenda Wanyange, nyumba ya vyumba vitatu iliyopakwa udongo wa kahawia ndani na nje. Shangazi alimpikia Mjapani mmoja, fundi mkuu wa mashine katika kiwanda cha nguo, muda wa miaka minne. Kazi zilipolala na wageni wakaanza kufunga mizigo, alikuja kwetu na kitu kimefungwa shuka. Akakitoa kwa mikono miwili, akaupinda mgongo kama mwanamke wa Kisoga anayemsalimu mkwe, jambo lililomchekesha Shangazi wiki nzima. Kiswahili chake kilitosha. "Mama Rajabu, nitunzie hii. Nitarudi kuichukua." Shangazi akajibu atamkuta nayo. Kuanzia hapo ile haikuwa picha tena, ilikuwa amana. Shangazi alikuwa akisema cha kwako ukikipoteza umekipoteza, basi. Lakini cha mtu ukikipoteza utaulizwa duniani na utaulizwa kaburini, na kaburini hakuna wa kukusaidia kujibu.

Shida ilikuwa mahali pa kuiweka. Stoo ilikuwa na panya, chumba cha kulala kilivuja, na sebuleni ndipo tulipokuwa tukisali. Chumba chenye picha ya watu malaika hawaingii, hilo alilijua kila mtu mtaani kwetu, na watu wa picha hii hawakuwa hata na heshima, mapaja wazi na wanacheka. Shangazi hakwenda kumuuliza sheikh. Aliogopa angeambiwa airudishe, na wa kurudishiwa alikuwa amekwisha kupanda ndege. Akajitolea fatwa mwenyewe: itundikwe sebuleni, na kila adhana igeuzwe itazame ukuta mpaka tumalize kusali. Mgeuzaji nikawa mimi. Mara tano kwa siku nilipanda kigoda, nikaigeuza, tukasali, nikapanda tena nikaigeuza. Nyuma ilikuwa na ubao mtupu wa kahawia, rangi ileile ya ukuta wetu. Ikigeuzwa ungeweza kupita mbele yake usijue kuna kitu.

Na aliyeipenda kuliko sote alikuwa Rajabu, mwana pekee wa Shangazi, kaka yangu kwa malezi, fundi kijana wa kiwanda hichohicho. Yule mnene alimwita Mzee Tumbo, na mwembamba Bwana Haraka. Baada ya magharibi, nikishaigeuza na chakula kishatengwa, yeye ndiye aliyewatia sauti. "Bwana Haraka, nilikwambia tungoje mtumbwi." "Mtumbwi ni wa watu wenye pesa, Mzee. Sisi tuna miguu." "Miguu ya nani? Hii niliyoikalia si yangu, na naona inachoka." Alikuwa na sauti ya Mzee Tumbo inayotoka tumboni kabisa, na Shangazi, ambaye hakupenda mzaha wakati wa kula, alikuwa akijiziba mdomo kwa ushungi, sawasawa na yule mwanamke wa pichani. Siku moja Rajabu alijichekesha mwenyewe, chai ikamtoka puani, tone likaruka hadi kwenye picha, juu ya goti la mchukuzi. Shangazi alilifuta kwa pamba huku analia machozi ya kweli, kuwa amana imeingia doa. Halikutoka. Lilibaki la kahawia, dogo kama punje ya dengu, na Rajabu akasema ni sawa tu, yule mchukuzi sasa amepata kidonda cha kumfanya atetemeke.

Vita vilipokuja karibu, chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na mukene, vile visamaki vidogo vya ziwani, bila chumvi. Redio ilitaja miji, leo huu kesho ule, na kila mji ulikuwa karibu zaidi. Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa nchini wakiwa askari, na bunduki za watu wengine mikononi, na serikali iliyokuwa inaanguka ilijaza Wanubi jeshini. Kwetu hapakuwa na mwanajeshi, lakini Shangazi alikuwa na chale tatu kila shavu, alama ya Kinubi aliyochanjwa utotoni, na mashavu yake yalisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Rajabu na mimi hatukuchanjwa. Nakumbuka Shangazi akijitazama kwenye mfuniko wa sufuria siku hizo, kitu ambacho hakuwa na desturi nacho.

Siku tuliyoondoka ilikuwa siku ya jua kali na utulivu. Tulikuwa tumetoa salamu ya alasiri, Shangazi bado yuko kwenye dua, jirani yetu Mama Kirabo, Msoga, muuza ndizi, akaingia bila hodi. "Mama Rajabu, nyinyi toka leo," akasema, na hakukaa. "Si kesho. Mimi nasikia watu pale kwa soko nasema nyumba ya Wanubi ndio ya kwanza. Napanga hata nani anachukua mabati." Shangazi akamuuliza, "Watu gani?" Mama Kirabo akatazama chini. "Watu tu. Hata wa kwetu. Toka, dada yangu."

Hatukuwa na saa moja. Rajabu alikimbilia lori la vitunguu lililokuwa likienda Mbale, nami na Shangazi tukakusanya: msahafu, mikeka, masufuria mawili, unga, kawa za kufunikia chakula alizosuka mwenyewe kwa ukili wa rangi, zile ambazo Wanubi huziita tabaga. Shangazi alisimama mlangoni, akazungusha macho sebuleni kuangalia kama amesahau kitu. Nami nilizungusha macho. Tuliona kuta. Kigoda changu kilikuwa kimesimama palepale ukutani, na sikujiuliza kwa nini kimesimama pale.

Njiani Shangazi alijifunika uso kama anaumwa meno. Kwenye kizuizi cha askari wa Tanzania, kijana mmoja mwenye Kiswahili laini alichungulia nyuma ya lori akasema, "Poleni, mama. Mnatoka wapi?" Shangazi akamjibu kwa Kiswahili safi kuliko chake, naye akatabasamu kwa mshangao akaturuhusu kupita. Kwa siku chache nilidhani huo ndio ungekuwa mwisho wa hofu yetu.

Mbale tulipata chumba mtaa wa Malukhu, hapahapa ninapoandikia, kwa Hajati mmoja wa Kigisu aliyesilimu kwa mumewe na kubaki Mwislamu baada ya mume kufa. Chumba kilikuwa cha mlango mmoja na dirisha la ubao. Alitupa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa na karanga, na Rajabu akala kama aliyezaliwa mlimani. Lakini ukuta ulikuwa mwembamba. Jioni tulimsikia kaka yake Hajati, mfanyabiashara wa Nakaloke, akimwambia, "Hawa watu taletea wewe matatizo. Nani nakuja kuuliza, wewe tasema nini?" Na Hajati akamjibu: "Tasema ni wageni wangu. Wewe, kula." Shangazi alisikia, mimi nilisikia, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Siku ya tatu, akipanga vitu vyetu ukutani, Shangazi alisimama na kawa mkononi akauliza, "Amana iko wapi?" Niliona sebule yetu, nikaona ukuta, nikaona ule ubao wa kahawia juu ya kahawia, na mikono yangu mwenyewe ikiugeuza kwa ajili ya alasiri. Sikurudi kuigeuza. Aliingia Mama Kirabo na onyo lake, na mimi sikurudi kupanda kigoda. Nilifungua mdomo. Rajabu akanitazama, mara moja tu, kisha akamgeukia mama yake. "Ni mimi, Mama. Niliiona, nikasema nitaichukua mwisho. Nikasahau." Alisema uongo huo kwa urahisi, kwa sauti yake mwenyewe wala si ya Mzee Tumbo, na mimi nikafunga mdomo wangu. Nimekuwa nikiufunga tangu siku ile.

Shangazi hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Alianza kula kidogo, na baada ya kila swala alikaa akitazama ukuta usio na kitu. "Akija nimwambieje?" alikuwa akiuliza. "Nimwambie niliokoa sufuria zangu?" Wiki tatu zikapita hivyo. Watu wakaanza kusema barabara imetulia, wakombozi wako kila mji, magari yanakwenda na kurudi. Rajabu akasema atakwenda. Shavu lake halina alama, Kisoga anakijua, Mama Kirabo yuko, ni siku mbili tu. Na Shangazi, Mungu amrehemu, akasema, "Nenda. Urudi kabla ya Ijumaa."

Nilimfungia muhogo wa kuchoma na karanga. Nilikuwa na kila nafasi ya kusema. Ningesema, kosa ni langu, niende mimi, msichana nani atamgusa. Ningesema, iacheni, ni karatasi. Nilikaza kifundo cha kitambaa, nikamkabidhi. Mlangoni alishika tumbo lake kwa mikono miwili akanong'ona kwa ile sauti, "Bwana Haraka, mara hii usinitupe mtoni." Nilicheka. Hicho ndicho alichokwenda nacho kutoka kwangu, kicheko.

Ijumaa ilipita. Shangazi alimtengea sahani, akaifunika kwa tabaga nzuri kuliko zote, yenye nyota nyekundu katikati, akaiweka kando ya mlango. Jumamosi akafanya hivyo tena. Chakula cha jana tulikula sisi asubuhi, kikiwa kimepoa. Hajati hakusema kitu kuhusu unga wake uliokuwa ukiliwa na mtu asiyekuwepo. Siku nyingine nilimwona yeye mwenyewe akimpakulia Rajabu mchuzi. Mwezi ukaisha, ukaja wa Ramadhani. Watu wakaanza kujenga, soko likafunguliwa, sukari ikaonekana. Nchi ilikuwa inapona, ndivyo walivyosema redioni, na mimi nilikuwa nikiichukia nchi kwa kupona bila sisi.

Mvua zilipokwisha tulikwenda Jinja, mimi na Shangazi. Nyumba ilisimama bila mabati, bila milango, bila fremu za madirisha. Kwenye ukuta wa sebule palikuwa na msumari, na chini yake mstatili wa udongo safi ambao moshi wa taa zetu haukuwahi kuufikia. Shangazi aliugusa kwa kiganja akasema, kwa furaha, naapa ilikuwa furaha, "Aliichukua. Alifika." Mama Kirabo alikuwa amesimama mlangoni. Hakutaka kukaa, na hakutaka kusema, na Shangazi akamshika mikono yote miwili mpaka aliposema.

"Alifika, dada yangu. Alitoka na kitu nafungwa shuka, akanisalimu, akauliza watoto. Pale kwa barabara vijana wakasimamisha yeye. Wakasema, fungua. Akafungua. Wakaona ile picha." Mama Kirabo alipangusa uso. "Walicheka. Wote walicheka, na yeye akacheka, akaanza kuwaonyesha, huyu hivi, huyu hivi, anafanya sauti. Mimi nikasema ndani ya roho yangu, ah, wataacha yeye. Kisha mmoja akaona yale maandishi. Akasema hii ni ya Walibya. Hii ni barua ya Walibya, huyu ni mtu wao. Wakaacha kucheka." Shangazi akauliza walimpeleka wapi. Mama Kirabo akanyosha mkono, bila kutazama, upande wa mto. Walibya walikuwa wamekuja kupigana upande wa serikali ile, na vijana wale hawakuwa wamewahi kuona Kiarabu, sembuse Kijapani. Maandishi yoyote wasiyoyajua yalikuwa ya Walibya. Na picha je? Mama Kirabo hakujua. Mmoja aliondoka nayo kwapani.

Hatukupata cha kuzika. Kwa hiyo Shangazi hakukaa matanga, hakukubali asomewe hitma, na akashikilia lile neno lake: picha ikionekana. Mwenye amana naye hakurudi, wala hakuandika. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikarudi kwenye chumba hiki kumuuguza Shangazi. Kila siku ya miaka hiyo nilikuwa nikisema nitamwambia. Hakuniuliza hata mara moja kama alasiri ile niliigeuza tena, na mtu asiyeuliza swali hilo maisha yake yote nadhani jibu analo. Hilo nalo ni zito kubeba, huruma ya mtu uliyemnyang'anya mwanawe.

Basi nilimwambia Shamimu, "Ikuze. Goti la mchukuzi." Akatanua kwa vidole viwili, goti likajaa kioo. Lilikuwa safi. Nikamwambia akuze tena, akakuza mpaka zikaonekana nyuzi za karatasi yenyewe, na hapakuwa na doa, hata kivuli chake. "Wamelisafisha," nikasema. Shamimu akanitazama kama anayetafuta njia ya kupita. Akanieleza taratibu kwamba picha hizi hazikuchorwa moja moja. Fundi huchonga ubao, kila rangi ubao wake, hupakwa wino, karatasi hulazwa juu na kusuguliwa, ikitoka moja inawekwa nyingine. "Jumba lile lina mbili, Jaja. Hii ya ukutani na nyingine kwenye droo, nayo niliomba nikaiona. Majumba mengine yanazo. Zilitoka mamia. Watu wa kawaida walizinunua sokoni, kama sisi na kalenda za duka." Akaongeza, "Nilidhani mnajua."

Hatukujua. Tulidhani iko moja duniani, na kwamba mtu wa mbali anakosa usingizi kwa ajili yake. Niliketi pale nikawaza Mzee Tumbo mia moja wakibebwa kuvuka mito mia moja, wote safi, wote wakicheka, na Rajabu mmoja. Nilishukuru Mungu kuwa Shangazi amekwisha kufukiwa. Halafu, sijui kwa nini leo, nikamweleza Shamimu kuhusu kigoda na alasiri ile, lote, mpaka kifundo cha kitambaa. Alinishika mkono. "Jaja, ulikuwa mtoto." Nikamwambia nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa na kazi moja tu.

Adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Simu ilikuwa mkekani mbele yangu, wale wawili bado wamo mtoni, na mkono wangu ukaenda wenyewe, ukaigeuza ikalala kifudifudi. Nikasali. Nilipotoa salamu, kabla hata sijainua mikono kuomba dua, niliigeuza upesi, watu wasije wakaondoka wakaisahau.